Mwalimu wa bastola kamwambia mume wangu asinunue sefu, na nyumbani kuna watoto

Shikamoo dada. Naomba unisaidie mawazo maana hili jambo siwezi kulisema kwenye kikundi chetu cha Watanzania wa hapa Houston, litamfikia mume wangu kabla sijamaliza kuandika.

Mwaka jana mwishoni mume wangu aliporwa sheli usiku akitoka kazini. Walimwekea bastola kichwani wakachukua simu, waleti na funguo za gari wakaondoka. Hawakumuumiza, tunamshukuru Mungu, ila tangu siku ile mwenzangu kabadilika, mlango anaukagua kila saa, mbwa wa jirani akibweka yeye ameshaamka amekaa kitandani. Basi akanunua bastola. Sikumkatalia, nilikuwa naona anavyoteseka. Pale dukani wakamuunganisha na mwalimu mmoja mwanajeshi mstaafu, akaenda darasa la leseni ya kubeba Jumamosi moja, akarudi na cheti, na tangu hapo anaishi kwa maneno ya yule mwalimu.

Nakuandikia hayo maneno kama anavyoyasema. Mwalimu kasema sefu ni kupoteza muda, mwizi hakusubiri ukumbuke namba, kwahiyo bastola inalala chini ya mto na mchana inakaa droo ya kando ya kitanda, magazini imejaa risasi. Kasema kama una wasiwasi na watoto basi usiache risasi chemba, pale inapokaa tayari kufyatuliwa, mtoto hana nguvu ya kukoki aiingize humo na kisheria hapo uko salama. Kasema pia watoto waonyeshwe silaha na wafundishwe, hamu itaisha wenyewe. Mwezi uliopita mume wangu akawaita sebuleni, wa kwanza wa kiume ana miaka 15 na wa pili wa kike ana 6, akawaonyesha, akawaambia msiguse, mdogo akarudia yale masharti yote bila kukosea, tukampigia makofi.

Kwa upande wangu anataka na mimi niwe nabeba kwenye pochi, maana mwalimu kasema mwanamke na nguo zake holsta, kile kifuko cha kuvaa bastola mwilini, inamsumbua. Mimi nafanya shifti ya usiku hospitali, nesi msaidizi, na hospitali hawaruhusu silaha, jibu la mwalimu ni kwamba niiache kwenye gari chini ya siti. Na lingine ambalo lilinitoa jasho, eti ukimpiga mtu risasi nje ya mlango mvute ndani kabla hujapiga 911, namba ya dharura, na hakikisha hasemi tena. Hapa nyumbani tunaishi pia na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, yuko kwa viza ya mwanafunzi, na yeye mwalimu kasema aletwe renji, uwanja wa kulenga shabaha, afyatue azoee, wameshaenda naye.

Sasa kilichonifanya niandike ni huyu mkubwa wangu. Tangu tuhamie huku hana rafiki, hali chakula na sisi, maksi zimeshuka, na siku moja mdogo wake akaniambia kaka kasema bora asingezaliwa. Baba yake anasema ni ujana huo, utapita. Nilikuwa sijaunganisha haya mambo mawili kichwani mpaka wiki iliyopita nilipofungua droo kutafuta chaja nikakuta bastola imegeuka, mume wangu ana mkao wake wa kuiweka na siku hiyo haikuwa hivyo. Nikamuuliza, akasema labda ni yeye. Sijalala vizuri tangu hapo.

Nikimwambia tununue sefu ananijibu mimi sijui chochote kuhusu silaha, mwalimu amekaa jeshini miaka mingi. Sote wawili tuna grinikadi, hatutaki matatizo. Nimjibu nini? Au kweli mimi ni mwoga tu?

Mama wa wawili, Houston

*

Marahaba mdogo wangu, na pole sana, wewe na mumeo pia maana kuwekewa bastola kichwani si jambo la kusahau kwa miezi michache.

Kabla ya mwalimu na kabla ya sheria tuanze na kijana, hilo haliwezi kusubiri ufike mwisho wa jibu langu. Mtoto wa miaka 15 aliyejitenga, hali chakula na wenzake, shule imeporomoka, na ametamka kwa mdomo wake kwamba bora asingezaliwa, halafu kuna silaha iliyojaa kwenye droo isiyo na kufuli, na unahisi imeguswa. Leo hii, siyo wikiendi, hiyo bastola itoke pale. Kama kuna mahali pa kuifunga ambapo kijana hana funguo wala namba, ifungwe leo. Bora zaidi kwa kipindi hiki iondoke kabisa nyumbani, baadhi ya maduka ya silaha na renji wanakubali kukutunzia kwa muda, pigeni simu muulize, au ikae kwa ndugu mzima mwenye haki ya kumiliki silaha na mwenye sefu. Narudia, mwenye haki ya kumiliki, sababu utaiona nikifika kwa shemeji yako.

Halafu zungumza na mwanao. Mchukue mkae wawili tu, kwenye gari ni pazuri maana hamtazamani usoni, umuulize wazi wazi: mwanangu, umewahi kufikiria kujiua? Najua mdomo unakuwa mzito, sisi tumelelewa kwamba ukilitaja unaliita. Siyo kweli, kuuliza hakumpandikizii mtoto wazo ambalo hakuwa nalo, mara nyingi kunampa nafasi ya kutua mzigo. Akijibu ndiyo, au akinyamaza ule unyamavu ambao mama unaujua, usimwache peke yake, piga 988, ndo namba ya Marekani nzima ya watu walio kwenye hali hiyo, saa 24, wewe mzazi pia unaweza kupiga na ukaomba mkalimani. Ikiwa ni hatari ya papo hapo basi 911 au emajensi ya hospitali. Hata akisema hapana, mpeleke kwa daktari wake wa kawaida wiki hii ueleze yote uliyonieleza mimi, pamoja na lile neno alilomwambia mdogo wake.

Kwanini nakimbilia silaha kwanza? Kwa sababu hapo hapo Houston unapoishi watafiti waliwahi kuongea na watu 153 wa miaka 13 hadi 34 waliojaribu kujiua wakanusurika kwa tundu la sindano, matokeo yakachapishwa 2001. Karibu robo yao walisema toka kuamua mpaka kutenda hazikupita dakika 5. Dakika 5 jamani! Wimbi linakuja linapita, na wengi sana wakivushwa hapo wanaishi, hawaji kufa kwa kujiua baadaye. Tatizo la bunduki ni kwamba haimpi mtu nafasi ya kujuta, kwa njia hiyo karibu 9 kati ya 10 hawanusuriki. Mwalimu wa mumeo anapiga hesabu ya zile sekunde za mwizi, mimi nakuomba uhesabu zile dakika 5 za mwanao. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa bunduki nchi hii na zaidi ya nusu walijiua wenyewe, sasa niambie mwalimu aliyekaa na mumeo siku nzima na hilo hakuligusa alikuwa anamwandaa kwa hatari ipi.

Na siyo yeye peke yake, hapo nitakuwa mkweli. Watafiti wa Harvard waliwahi kutuma watu wakae kwenye madarasa 20 ya msingi ya bunduki, majimbo 7 ya kaskazini mashariki, waandike kinachofundishwa. Kushika, kujaza, kidole kisikae kwenye triga, hayo wengi waliyafundisha vizuri. Habari ya kujiua iliguswa kwenye madarasa machache mno, hayafiki hata moja kwa kila matano, na ugomvi wa ndani ya nyumba hivo hivo, lakini zaidi ya nusu ya walimu walikuwa wanahimiza wanafunzi wamiliki na wabebe. Kwahiyo mtu anatoka pale anajua kulenga na ana hamu ya kubeba, ila nyumba yake na watu waliomo hakuna aliyemuuliza.

Mi mwenyewe naishi Texas na leseni ya kubeba ninayo, sisemi haya kwa kuchukia silaha. Nimewahi kukaa na walimu wazuri sana, wengine wanajeshi wastaafu, na aliye mzuri utamjua kwa swali lake la kwanza: nyumbani kwako kuna nani? Jeshini silaha inasainiwa, inarudi ghalani, kuna mlinzi, na kwenye lile hanga hakuna binti wa miaka 6. Miaka mingi jeshini ni heshima yake lakini haimfanyi mjuzi wa chumba chenu cha kulala. Na ujuzi wenyewe hauzuii ajali, 2004 huko Orlando ofisa mmoja wa shirikisho wa kupambana na dawa za kulevya alikuwa mbele ya watoto akiwafundisha usalama, akawaambia ni yeye tu mle chumbani mwenye utaalamu wa kutosha kuishika ile bastola, muda mfupi baadaye akajipiga risasi mguuni mwenyewe.

Sasa hili la kuwaonyesha watoto hamu iishe. Mimi sipingi kuwafundisha, mtoto anaeishi nchi hii lazima ajue kwamba akiona bunduki haigusi, anaondoka, anamwambia mtu mzima. Ila kufundisha hakuwezi kukaa nafasi ya kufuli. Kule Atlanta waliwaweka watoto wa kiume 64 wa miaka 8 hadi 12 kwenye chumba, wawili wawili au watatu watatu, ndani ya droo kuna bastola ya kweli iliyozimwa isiweze kudhuru, wakawaangalia kupitia kioo. Watoto 48 waliikuta, 30 wakaishika, 16 wakavuta triga. Na katika hao walioishika au kuivuta, zaidi ya 9 kwa kila 10 walikuwa wameshafundishwa usalama wa bunduki! Utafiti mwingine Alabama 2006 uliwauliza wazazi na watoto kila mmoja kivyake, na kati ya wazazi waliosema mwanangu hajui silaha ilipo, 39 kwa kila 100 watoto wao walisema wanajua. Binti yako kukariri masharti bila kukosea kunaonyesha kwamba ana akili nzuri, ila usikuchukue kama ulinzi wakati droo iko wazi na mama yuko kazini usiku na baba kapitiwa na usingizi.

Tena mumeo usingizi wake siku hizi ni wa mashaka, anaamka kwa kushtuka. Bastola chini ya mto wa mtu anaeshtuka gizani, na kijana wake anaenda kunywa maji jikoni saa nane usiku... hapo siendelei, umenielewa.

Risasi kutokuwa chemba. Kwa mdogo wa miaka 6 kukoki inaweza kuwa ngumu, ila usiweke maisha yake rehani kwa "inaweza", na kwa kijana wa 15 hilo halina maana kabisa, ana nguvu kama baba yake. Na pale aliposema kisheria uko salama kawadanganya. Sheria ya Texas, kifungu cha 46.13 cha sheria ya makosa ya jinai, inamhesabu mtoto kuwa yeyote aliye chini ya miaka 17, kwahiyo wako wote wawili wamo, na silaha inayozungumzwa ni iliyojazwa risasi, iwe kuna risasi chemba au hakuna, hayo yameandikwa humo humo. Mtoto akiifikia tu kwa uzembe wenu ni kosa, faini mpaka dola 500. Akifyatua na mtu akafa au akaumia vibaya, akiwemo yeye mwenyewe, ni hadi mwaka mmoja jela na faini mpaka dola 4,000. Faini yenyewe si kitu ukilinganisha na msiba, lakini mumeo ameambiwa yuko ndani ya sheria wakati hayumo.

Na jambo litakalomshangaza zaidi: darasa lile lile alilokaa, sheria ya Texas inaagiza ndani yake yafundishwe mambo manne, sheria za silaha na matumizi ya nguvu ya kuua, matumizi na usalama wa bastola, kutatua ugomvi bila vurugu, na utunzaji sahihi wa bastola kwa mkazo wa kuondoa uwezekano wa mtoto kuumia. La nne hilo. Siyo mbwembwe za mama mwoga, ni sehemu ya somo alilolipia. Hata NRA, chama kikubwa cha wenye bunduki Marekani, ambao hakuna anayeweza kusema wanaogopa bunduki, kwenye kanuni zao wameandika kwamba silaha itunzwe mahali asipoweza kuifikia mtu asiyeruhusiwa.

Kwahiyo sefu. Ninayoisema siyo lile kabati la chuma la kuhifadhia bunduki za kuwindia, nasema kile kisanduku kidogo cha kando ya kitanda, kinafungwa kwa waya au skrubu kwenye kitanda au ukutani, kinafunguliwa kwa vitufe vichache. Mtu akizoea anakifungua gizani kwa sekunde chache, mwambie mumeo akifanyie mazoezi kama anavyofanyia renji, na bastola isiyo na risasi. Bei yake ni ndogo kuliko ya bastola yenyewe. Angalizo moja, ukichukua ya alama za vidole hakikisha mmesajili vidole na mmeijaribu kwa kidole cha mtu mwingine, maana Oktoba 2023 serikali ilitangaza kurudishwa kwa masefu kama 61,000 ya aina hiyo kwa sababu yalikuwa yanafunguka kwa kidole chochote, na mtoto wa miaka 12 alishafariki. Mi napendelea ya vitufe, na namba isiwe mwaka wa kuzaliwa wa mtu yeyote mle ndani, vijana wanajaribu hizo kwanza. Wakati mnasubiri sefu ifike, fungueni boksi ililokuja nayo bastola, kwa sheria ya shirikisho ya 2005 duka lenye leseni haliruhusiwi kumuuzia mtu bastola bila kifaa cha kufungia, kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa kufuli ya kebo iko humo humo bado kwenye plastiki. Kama imepotea, vituo vingi vya polisi vinagawa bure. Risasi zikae kwingine zimefungwa, na wakati huu wa kijana wenu ndivyo ningependelea yote yakae hivyo: silaha imefungwa, haina risasi, risasi kwingine kumefungwa. Utafiti mkubwa wa 2005 uliona kila moja ya hatua hizo nne inaendana na watoto na vijana wachache zaidi kuumia au kujiua kwa bunduki.

Haya, pochi. Hapana. Pochi unaitua kwenye kiti, unaning'iniza kwenye toroli la shopingi, mtoto anaingiza mkono kutafuta bigijii. Desemba 30, 2014 mji wa Hayden, Idaho, mama mmoja kijana, msomi, mwenye leseni, alikuwa dukani na watoto, pochi yake ilikuwa ile ya kisasa iliyotengenezwa maalumu kubebea bastola, mwanae wa miaka 2 akafungua zipu akaitoa na kumpiga mama yake, akafa pale pale dukani. Anaetaka kubeba anabeba mwilini, kwenye holsta inayofunika triga, mpaka anaivua na kuifungia. Kama mavazi hayaruhusu basi siku hiyo habebi. Na wewe dada sijaona popote kwenye barua yako uliposema unataka kubeba, nimesoma mara mbili. Huwajibiki kubeba silaha kwa sababu mumeo ana hofu. Mwambie hivyo kwa upole, na usimame hapo.

Chini ya siti ya gari ndo duka la wezi wa silaha. Ni kweli Texas inamruhusu mfanyakazi kuacha silaha halali ndani ya gari lililofungwa kwenye paking ya kazini, lakini wezi nao wanaijua hiyo sheria, na paking ya hospitali usiku wanajua magari yatakaa masaa 12 bila mtu. Kioo kinavunjwa kwa sekunde, na kesho silaha iliyoandikwa jina la mumeo imewekwa kwenye kichwa cha mtu mwingine sheli. Mtu aliyepitia yale anaweza kulielewa hili kuliko wote, jaribu kumwambia kwa njia hiyo.

Sasa lile la kumvuta mtu ndani. Lilikutoa jasho na lilistahili. Huo ushauri unazunguka Marekani miaka mingi na ni wa kukupeleka jela. Kubadilisha tukio ili kudanganya uchunguzi Texas ni kosa kubwa la miaka 2 hadi 10, na ikiwa umehamisha maiti inaweza kufika 20. Damu inaacha alama, maganda ya risasi yanabaki yalipoangukia, kamera ya kengele ya mlango wa jirani inarekodi. Mtu ambaye pengine alikuwa na haki kabisa ya kujitetea anageuka mtu aliyeficha ushahidi, na utetezi wake unakufa hapo. Na "hakikisha hasemi tena", mdogo wangu, hilo ni neno la mauaji. Sheria inakuruhusu kuzuia hatari iliyo mbele yako, hatari ikishaisha ruhusa nayo imeisha, ukimmalizia mtu aliyelala chini umeua. Likitokea la kutokea unapiga 911, unaomba polisi na ambulensi, silaha unaiweka chini kabla hawajafika, hugusi kitu, unasema uko wapi na kwamba ulishambuliwa, maelezo marefu unasubiri wakili. Mwalimu anaefundisha watu kinyume cha hapo, na ninyi mna grinikadi, amewaweka pabaya mara mbili, maana kwa sheria ya uhamiaji kutiwa hatiani kwa kosa la silaha kunaweza kukufanya uondolewe nchini hata kama umekaa miaka mingi kihalali. Raia wa hapa akitoka jela anarudi kwake. Mumeo anaweza kushushiwa Dar.

Hapo ndo nafika kwa shemeji, na naomba asome mwenyewe. Mtu aliye kwa viza ya muda kama ya mwanafunzi, sheria ya shirikisho kwa kawaida inamkataza kumiliki au hata kushika bunduki na risasi, na kukodi bastola renji dakika chache kunahesabika. Kuna vimlango kama leseni halali ya kuwinda, lakini hayo anaulizwa wakili wa uhamiaji, siyo mwalimu wa shabaha. Kulikuwa na kijana kutoka Falme za Kiarabu, alikuja Florida kwa viza ya mwanafunzi, chuo kikamfukuza, hadhi yake ikaisha, akaenda renji kufyatua kidogo tu, akashtakiwa na kufungwa. Kesi yake ilifika Mahakama ya Juu 2019, mahakama ikasema serikali lazima ithibitishe mtu alijua hali yake ya uhamiaji. Shemeji yako anaijua viza yake, ipo kwenye pasipoti. Kwahiyo asirudi renji, asiposti ile picha aliyopiga ameshika (najua ipo, zipo kila wakati), na akae na wakili kabla hajajaza fomu yoyote ya uhamiaji. Na chumba anacholala yeye kisiwe mahali pa kutunzia silaha.

Mumeo sasa. Usimjie na takwimu zangu zote kwa mpigo, atajisikia amezingirwa. Yule mwanaume hajanunua bastola kwa ukaidi, alinyanyaswa na watu wenye silaha akiwa peke yake usiku, hajapata mtu wa kumwambia aliogopa, na wa kwanza kumpa kitu cha kushika mkononi alikuwa huyo mwalimu, ndo maana maneno yake yamekuwa makubwa nyumbani kwenu. Anza na kijana. Mwambie: baba fulani, mwanao amesema bora asingezaliwa na mimi nadhani ameigusa ile bastola, sikuombi uiuze, nakuomba leo tuifunge halafu tuongee. Sijaona baba mwenye akili timamu atakaelijibu hilo kwa habari za jeshini. Akikataa, usiombe ruhusa mara ya pili kwa jambo la uhai wa mtoto, mwite yule mkubwa wake anaemheshimu, kaka, mjomba, mchungaji au shehe wenu, aje nyumbani jioni hiyo hiyo, na wewe usilale mpaka iwe imefungwa. Na yeye pia anahitaji mtu wa kuongea nae kuhusu ile sheli, huku kushtuka usiku na kukagua milango miezi yote hii kuna tiba, hospitali unayofanyia kazi lazima wana mtu wa ushauri au watakuelekeza.

Umeuliza kama wewe ni mwoga. Wewe ndiye pekee kwenye nyumba hiyo uliyeangalia droo na ukamwangalia mtoto kwa wakati mmoja, usikubali kunyamazishwa kwa sababu hujui kukoki.

Kuhusu mwalimu mwenyewe, walimu wa leseni ya kubeba Texas wanathibitishwa na Idara ya Usalama wa Umma ya jimbo, na malalamiko wanapokea. Mkae wewe na mumeo, mambo yakishatulia, aandike tarehe ya darasa na alichoambiwa kuhusu droo, chemba na kumvuta mtu ndani, kwa maneno yale yale bila kuongeza, apeleke huko. Darasa lile lina baba wengine waliorudi kwao Jumamosi ileile na ushauri uleule.